Upande wa Kulia wa Tandu

Mvua ya Januari ile haikuwa na adabu. Huku Kericho, Januari huwa mwezi wa jua, watu wakipogoa chai na kuanika mahindi, lakini mwaka huo wa tisini na nane mvua ya El Nino ilikuwa imeingia tangu Oktoba kama mgeni asiyeona kwamba wenyeji wanapiga miayo. Waringa alikuwa ameketi juu ya stuli katika chumba cha michoro cha kituo cha utafiti wa chai, miguu kwenye kreti ili isiguse maji yaliyokuwa yakipenya chini ya mlango, akipanga kalamu zake ndani ya boksi la viatu. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Barua ya kupunguzwa kazi, aliyoipata Agosti, ilisema mwisho wa Januari, na kwamba wakubwa wanamshukuru sana kwa utumishi wake. Huyo mama alikuwa amechoka hata kukasirika hakuweza.

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuchora wadudu. Kila karatasi aliyopewa mkulima wa Roret au Mogogosiek ili ajue mbu wa chai anavyochomeka mdomo wake kwenye kichipukizi, au utitiri mwekundu unavyokaa chini ya jani, ilitoka mkononi mwake. Alijua midomo ya wadudu kuliko alivyojua midomo ya majirani, na si kwamba majirani zake walikuwa mabubu. Lakini miaka hiyo yote ya kuinamia hadubini ilikuwa imemla macho, na shingo yake ikigeuzwa haraka ililia.

Chepkurui alibisha hodi saa saba mchana, amelowa kila mahali isipokuwa pale kifuani alipokuwa amefichia faili ndani ya sweta. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mzaliwa wa Mogogosiek, akisomea shahada ya pili chuo kikuu. Alikuwa amepanda lori la majani ya chai mpaka mjini, kisha akatembea kwa tope hadi kituoni. Waringa alimsalimia kwa Kipsigis, “Chamgei,” naye akaitikia na kuinama kidogo. Wazazi wa Waringa walitoka upande wa Kiambu, lakini yeye alizaliwa papa hapa Kericho na lugha ya hapa aliisema bila kukwama, ingawa tangu vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili aliisema kwa kuchagua maneno.

“Mama Nyathira,” Chepkurui alisema, kwa maana hivyo ndivyo kila mtu kituoni alivyomwita, kwa jina la kifungua mimba wake, “leo nimekuletea habari nzuri. Kaa vizuri kwanza.”

Habari yenyewe ilihusu mchoro wa mwezi wa Agosti, basi afadhali nieleze ya Agosti kwanza.

Agosti Chepkurui alikuja na jiwe lenye ukubwa wa nusu mkate. Alikuwa ameliokota kwenye korongo moja chini ya Sigowet, kule ardhi inakoteremka kuelekea kwenye joto, mahali ambapo majivu ya volkano ya zamani za kale yaligeuka mwamba. Ndani ya jiwe alilala tandu, chali, tumbo na mdomo juu, amegeuka jiwe pamoja na hilo jiwe. Kisukuku, wasomi wanaita. Hadubini ya chuoni kwao ilikuwa imeota ukungu kwenye vioo, na Chepkurui alikuwa amesikia kwamba kituo cha chai kina nzuri, na kina mwanamke mwenye mkono. Picha alizojaribu kupiga zilitoka studio nyeusi tititi. Basi akamwachia Waringa jiwe kwa siku kumi, amsafishie kwa sindano, amchoree kichwa. “Wewe chora tu chenye unaona,” alimwambia, akaondoka kwenda kufundisha masomo ya likizo huko Bomet.

Waringa hakumwuliza anatafuta nini. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ukiniuliza mimi. Lakini alikuwa mtu wa kupewa mdudu, achore, mdudu aondoke, aje mwingine, na hakuna bosi aliyewahi kumweleza zaidi ya hapo.

Tandu, kama hujui, haumi kwa mdomo. Ile koleo inayokuchoma mpaka ukapiga ukunga ni jozi yake ya kwanza ya miguu. Zamani sana miguu hiyo ilikuwa ya kutembelea kama ile mingine. Ikajikunja mbele, ikanenepa, ikajaa sumu, ikawa ya kukamatia chakula na kukifikisha mdomoni. Waringa aliisafisha ya kushoto kwa siku sita, chembe kwa chembe, na ilipojitokeza ilikuwa nzima, nene, imepinda kama mundu, hata tundu la sumu likionekana kwenye ncha. Aliifurahia kama mtu anavyofurahia kitambaa kilichoshonwa vizuri. Jioni ya siku ya sita alirudi nyumbani akakuta barua ya kupunguzwa kazi. Unga ulikuwa umemwagika, na Ndung'u mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, hakuwa ameuza hata bati moja tangu Juni.

Siku ya saba akaanza upande wa kulia. Upande huo haukufanana na ule. Kilichotoka kwenye jiwe kilikuwa chembamba, kirefu, kina kiungo kimoja zaidi, na mwisho wake ukucha ulionyooka. Aliuona. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye alitamani sana kwamba hakuuona. Akajiambia kwamba huo ni mguu wa nyuma ulioteleza ukaja mbele tandu alipokuwa akifa, na kwamba koleo halisi ya kulia imepotea. Kuusafisha wote kungemchukua siku tatu zaidi, na macho yake yalikuwa yakitoa machozi yenyewe.

Basi alifanya alivyofundishwa na bosi wake wa kwanza, alivyofanya kwa kila kidudu cha miaka ishirini na sita. Mdudu ana pande mbili zinazolingana. Kwa nini uchore mara mbili? Unachora nusu kwa penseli, unakunja karatasi ya kunakilia katikati, unapitisha upande wa pili, kisha unatia wino juu ya zote mbili. Mkulima anapata mdudu safi, mzima, asiye na kilema. Hakuna aliyewahi kulalamika. Siku ya nane mchoro ulikuwa umekamilika, na ulikuwa mzuri ajabu.

Na sasa ndio huo, umeletwa ndani ya faili kavu. Habari nzuri ilikuwa kwamba profesa wake Chepkurui, aliyezoea kurudisha kila kitu na alama nyekundu, aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu kisha akauliza ni wa nani. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu jinsi midomo ya viumbe wa namna hii, kaa, nzige, tandu na jamaa zao wote waliokufa wakageuka mawe, ilivyotokana na miguu. Alitaka michoro arobaini. Kazi ya miaka miwili, pengine mitatu, na Waringa angeifanyia nyumbani kwake.

Waringa alicheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu Agosti, na kicheko kilimtoka vibaya, kikwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Alitaka kulia pia. Aliweka birika juu ya jiko la umeme, akampa Chepkurui leso yake ya begani ajifunike, wakakaa kusubiri chai. Kwa dakika kama kumi hivi, katika chumba kile chenye maji sakafuni, alikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Chai ilipokuwa tayari Chepkurui alifungua faili akamwonyesha tasnifu yake. Ilipaswa kufika chuoni Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni na sasa hana nguvu ya kuutua. Kwa miaka mitatu, alisema, alikuwa amepindua matawi yaliyopogolewa katika shamba la chai la mamake, akikusanya tandu. Mia nne na kumi na wawili. Alikuwa ameumwa mara tisa. Mamake alikuwa ameacha kuwaeleza watu wa kanisani mtoto wake anasomea nini.

Waringa akamwuliza, kwa mara ya kwanza, alichokuwa akitafuta.

Chepkurui alieleza bila haraka. Viumbe hawa wakikatika kiungo huota kingine, na mara chache mno mwili hukosea. Pale palipokatika koleo unaweza kuota mguu wa kawaida, wa kutembea, kana kwamba mwili umesahau mambo ya juzi ukakumbuka ya mababu. Angempata tandu mmoja tu wa namna hiyo, angeonyesha kwa macho kwamba kiungo cha kulia chakula ni mguu chini ya vazi jingine. Na angempata ndani ya jiwe, wa mamilioni ya miaka, hapo hata profesa angevua kofia. Lakini kati ya mia nne na kumi na wawili hakuwepo. Kwenye jiwe, vilevile, pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Basi sura ya mwisho ya tasnifu, kurasa thelathini, ilieleza kwa nini jambo hilo pengine halitokei kwa tandu kabisa.

“Ungekuwa unakaa aje, huo mguu?” Waringa aliuliza.

Chepkurui alichovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, akachora. Mwembamba, mrefu, wenye kiungo kimoja zaidi, ukucha umenyooka.

Waringa aliutambua. Akauliza jiwe liko wapi, akijitahidi sauti yake iwe ya mtu anayeulizia sukari. Chepkurui akasema liko chuoni, lakini kichwa hakipo chote. Ili kufikia shina la koleo ya kushoto, kwa ndani, ilibidi lisagwe kutokea kulia. Alikuwa ameona kitu kimelala upande huo, vipande vipande, lakini mchoro ulikuwa umeshamwambia kwamba koleo ya kulia ni sawa na ya kushoto, kwa hiyo akaona ni takataka za jiwe. Akasaga. Ilikuwa Novemba.

Waringa aliinuka akaenda dirishani. Nje, mistari ya chai ilikuwa imelala chini ya mvua, kijani kibichi mpaka macho yanauma. Alifanya hesabu ambayo hata wewe ungeifanya. Jiwe limesagwa. Picha hazipo. Karatasi ya penseli aliyochorea ilikuwa nusu tu, kwa sababu hakuna nusu ya pili iliyowahi kuchorwa. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua ila yeye, na yeye angeweza kunywa chai yake, akamsindikiza msichana mpaka getini, na mwezi wa pili akaanza michoro arobaini. Chepkurui angepata shahada yake kwa kurasa thelathini za uongo asioujua. Nani angeumia? Alichoka kiasi kwamba alitamani mtu mwingine aamue, lakini mle chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

“Chepkurui,” alisema bila kugeuka, “ile side ya kulia sikuichora. Nilichora ya kushoto, nikakunja karatasi.”

Chepkurui aliweka kikombe mezani. Mvua ikaendelea na kazi yake.

“Na ulikuwa umeona nini?”

“Hiyo umechora hapo kwa meza.”

Afadhali msichana angepiga kelele. Waringa alikuwa amejiandaa kwa kelele, alikuwa na la kujibu kuhusu macho, kuhusu barua, kuhusu bosi wake wa kwanza na karatasi iliyokunjwa. Chepkurui hakumpa nafasi. Aliketi tu akiitazama ile chai ikikauka mezani, mikono mapajani, na Waringa akaona kwa mara ya kwanza alama za kuumwa na tandu, nyeusi, kwenye vidole vyake.

Hatimaye Chepkurui alivuta karatasi safi akaisukuma upande wa pili wa meza. Akamwomba auchore sasa, kama alivyouona. Ijumaa ilikuwa mbali bado. Angeandika upya sura ya mwisho usiku na mchana, angefika.

Waringa alikaa, akavaa miwani. Mkono wake ulikuwa umechoka lakini haukuwa umesahau kitu. Ndani ya robo saa mguu ulikuwa pale, unatoka ubavuni mwa kichwa, umejikunja kidogo mahali pa kiungo cha tatu, hai kabisa. Aliona uso wa Chepkurui ukifunguka. Msichana akavuta stuli karibu, akaanza kuuliza kama mtafiti: Miiba ya kiungo hiki ilikuwa mingapi? Na tundu la sumu kwenye ukucha lilikuwepo?

Waringa akatia miiba mitatu. Akatazama mitatu hiyo. Mkono ulikuwa umeitia kabla kichwa hakijajibu, na ilikaa vizuri pale, ilipendeza, kama kila kitu alichowahi kuchora. Akaweka penseli chini.

“Sijui,” alisema. “Huu mkono unajaza tu. Ukiniuliza kesho nitakupa miiba minne.”

“Si uwache hiyo tatu. Mama, si ulikuwa umeuona? Mguu ulikuwa. Sisi wawili tunajua ulikuwa. Nani atakuja kuhesabu miiba?”

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayejionea haya huku akiomba. Waringa alimhurumia. Karatasi ile iliwafaa wote wawili. Ingempa msichana tandu wake wa mia nne na kumi na tatu, na yeye ingemwachia kazi yake ya miaka miwili.

“Nikiwacha, kesho hata mimi nitaamini ilikuwa tatu,” alisema. “Ile ya Agosti nimeiamini miezi tano.”

Akaichukua karatasi akaichana mara mbili, akavitia vipande ndani ya maji yaliyokuwa sakafuni. Hapo ndipo Chepkurui alipolia. Alilia bila sauti, ameinamisha kichwa, machozi yakidondokea leso ya Waringa, na Waringa hakuthubutu kumgusa. Yakamwisha. Akajifuta kwa kiganja, akasema neno moja tu la lawama, na hilo Waringa alikwenda nalo nyumbani, na kesho yake, na siku nyingi baadaye.

“Afadhali ungeiwacha wazi, mama. Nyeupe tu. Ningeona nyeupe, ningeuliza.”

Waringa akautoa mchoro kwenye faili, akaulaza juu ya kioo cha meza, akatafuta wembe mpya. Wino ukishakauka juu ya karatasi ile ngumu ya kunakilia hauondoki kwa kifutio. Unakwaruzwa, mstari kwa mstari, kwa makali ya wembe yaliyolazwa, na ukikaza mkono unatoboa. Koleo ya kulia ilikuwa na mistari pengine mia mbili. Alianza kwenye ncha. Chepkurui, ambaye angeweza kuondoka, alikaa. Baada ya kitambo akaanza kupuliza unga wa wino usiingie kwenye upande wa kushoto. Kazi iliyochukua nusu siku kuitia wino ilichukua saa mbili na zaidi kuiondoa, na shingo ya Waringa ikawa moto.

Ilipokwisha, tandu alikuwa na upande mmoja. Upande wa pili palikuwa peupe, pamechubuka kidogo.

Ilibaki habari ya profesa na michoro yake arobaini. Chepkurui angemweleza Ijumaa, na Waringa alijua mtu wa alama nyekundu anavyojibu habari kama hiyo. Sura ya mwisho ingeondolewa, kurasa thelathini zote, na pengine shahada ingesubiri mwaka mwingine. Chepkurui aliyasema hayo kama anavyosema mtu kwamba barabara imekatika na itabidi kuzunguka.

Kisha akachomoa kalamu ili aandike maelezo chini ya mchoro. Akaandika kwamba upande wa kulia haukuchorwa. Kwamba mchoraji aliona hapo mguu mwembamba akadhani umeharibika. Kwamba jiwe limeshasagwa. Akasita, akauliza aandike mchoraji ni nani, au aache tu jina la kituo.

Waringa alifikiri. Karatasi zake zilikuwa zimekwenda kila kibanda cha kuuzia majani kuanzia Sigowet mpaka Konoin, zimebandikwa ukutani, zimefungiwa sukari, na chini ya kila moja palikuwa na jina la kituo. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwuliza jina lake kwa ajili ya kuliandika.

“Andika Waringa Kinuthia,” alisema, akalirudia polepole lisikosewe.

Chepkurui akaliandika, akamgeuzia karatasi. Waringa akapangusa miwani, akasoma maelezo yote kuanzia mwanzo, akasema ni sawa.